Hesabu Nne kwa Kila Kibao

Barua ya ukaguzi ilifika siku ambayo mwalimu mkuu alikuwa juu ya ngazi, anaezeka upya pembe ya darasa iliyobebwa na upepo. Aliisoma hukohuko juu. Alishuka, akakaa kwenye jiwe, akaisoma tena, kisha akanikabidhi. Mkaguzi angekuja baada ya wiki tatu. Angeangalia rejesta, vyoo, shamba na usomaji, halafu angelitahini darasa la juu yeye mwenyewe. Kama darasa hilo lisingemridhisha lingefungwa, na shule yetu ya utemi ingebaki na watoto wadogo wa kuimba herufi.

Mtu wa leo anaweza kuuliza, darasa moja tu, basi ni nini? Miaka ile, kwa mtoto wa mkulima wa Shinyanga, nijuavyo mimi, hapakuwa na darasa lililopita lile. Juu yake ilikuwa ile shule kubwa ya Tabora, na aliyetaka kwenda huko ilikuwa lazima apitie kwetu. Chini yake palikuwa na mashamba ambayo nzige walikuwa wameyamaliza mara mbili mfululizo. Na pembeni ilikuwepo Geita. Dhahabu ilikuwa imeanza kuchimbwa huko, na wakala wa kuandika vibarua alipita nzengo kwa nzengo, kila kitongoji, akigawa mablanketi kwa kila aliyekubali kuondoka naye. Wanafunzi wetu wawili walikuwa wamemfuata mwaka uliotangulia. Mmoja alirudi anakohoa. Mwingine hakurudi, na mama yake alikuwa bado anakuja shuleni kutuuliza sisi, kana kwamba tulimficha stoo.

Darasa la juu lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti kipya na hasira nyingi za bure. Nilizaliwa mjini, karibu na stesheni, baba yangu fundi cherehani aliyetoka pwani, mama yangu mtu wa Tabora. Jembe nililijua kwa kuliona mabegani mwa watu wengine. Kisukuma nilikisema kwa makosa yaliyowafurahisha sana wanafunzi wangu, ingawa walikuwa na adabu ya kusubiri nigeuke ndipo wacheke.

Mwaka wangu wa kwanza nilishindwa vibaya. Niliwafundisha hesabu kama nilivyofundishwa mimi: swali ubaoni, mmoja asimame, akikosea achapwe, asimame mwingine. Hawakujifunza kitu. Nilichapa mpaka mkono ukauma, na sisemi hivi kwa kujisifu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba hata aliyejua jibu hakusema. Mwenzake akishakwama, yeye naye aliinamisha kichwa, akapokea fimbo yake na kukaa. Niliwaita wajinga, nikawaita mabubu, nikawaita na majina mengine ambayo leo nayaonea aibu.

Halafu mvua za kwanza zikanyesha na sote tukatoka kwenda kulima shamba la shule. Nilisimama kando na rejesta yangu, nikawaangalia. Walijipanga mstari mmoja, kumi na tisa, kila mtu na ukanda wake, mmoja akipiga ngoma ndogo, wakaingia shambani kwa wimbo. Nilitegemea wenye nguvu wawatangulie wanyonge. Wapi! Aliyemaliza kipande chake aligeukia kipande cha jirani na kumsaidia, na mstari haukusogea mpaka wa mwisho awe sawa na wa kwanza. Yupo mmoja aliyejitia mbele hatua chache. Walimcheka, wakamtuma maji, naye akaenda bila kubisha maana alijua kosa lake. Walifika mwisho wa shamba pamoja, na shamba lilikuwa limelimwa vizuri kuliko la mtemi.

Nilirudi darasani siku ya pili, nikawaambia kwa Kisukuma changu kibovu kwamba hesabu nazo ni shamba. Kila swali ni kipande. Aliyemaliza amsaidie jirani. Hakuna anayeanza kipande kingine mpaka mstari mzima umemaliza. Walitazamana, nikaona nyuso zao zikifunguka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Toka siku hiyo fimbo ilikaa pembeni ikaliwa na mchwa. Darasa likawa na kelele za kazi, vichwa vitatu juu ya kibao kimoja, mtu anamweleza mwenzake kwa lugha yao mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyaeleza mara kumi bila kueleweka. Mwaka mmoja na nusu baadaye darasa zima lilikuwa linakokotoa sehemu, maeneo na uwiano. Darasa zima, si watatu wa mbele. Sijawahi kufundisha hivyo tena maishani mwangu.

Wa mwisho katika mstari wetu alikuwa mtu mzima kuliko wote. Alikuwa na ndevu. Baba yake alimweka machungani mpaka mbung'o walipowamaliza ng'ombe, ndipo akamleta shule kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kumpa. Hesabu aliziendea taratibu, kwa mashaka, akiuliza maswali ambayo hayakuwamo kwenye swali. Lakini shambani alikuwa kitu kingine. Mwaka wa njaa, wenzake walipokuwa wanakula michembe, viazi vitamu vya kukausha, kiganja kimoja kwa siku na homa inawatetemesha, alilima vipande vyao baada ya kumaliza chake, siku baada ya siku, na shule ikapata mtama wa kula. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo mbele yangu pia, ila kila mara alipokwama kwenye hesabu niliona jinsi walivyomwinamia kibao chake, wanne watano kwa pamoja, bila haraka.

Wiki tatu zile zilikuwa mbaya. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mtu wa misheni na mwoga wa kila karatasi yenye muhuri, alipaka chokaa mawe ya njiani na kuwafundisha wadogo wimbo wa kumkaribisha mgeni mpaka sauti zikawakauka. Mimi aliniambia waziwazi kwamba mtindo wangu wa mstari utatuumbua. Nilimjibu kwa kiburi kwamba wanajua, na anayejua anajua hata akitahiniwa na nani. Usiku nilikuwa silali. Nilihesabu vichwa kumi na tisa gizani nikijaribu kuona nani atabaki na nani atafuata blanketi la wakala, na kila mara nilimwona yule mwenye ndevu wa kwanza.

Siku tatu kabla ya ukaguzi alinifuata kwenye kivuli cha stoo. Alinisalimu, akaniuliza kama haingekuwa vizuri siku hiyo asije. Angesema anaumwa. Nilijua kwa nini anauliza na nilijua alikuwa amefikiri sawa. Lakini barua ilisema mahudhurio nayo yangepimwa, na mwalimu mkuu alikuwa ametuonya kwamba kiti kisionekane kitupu. Nikamwambia atakuja. Akasema sawa, mwalimu, akaondoka.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alikuwa amechoka, tumbo linamsumbua, aliomba maji ya moto mara mbili na kushukuru kila mara. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Alikagua vyoo kwa uangalifu kuliko alivyokagua vitabu. Alisimama shambani, akachukua udongo kiganjani, akasema kitu kizuri ambacho mwalimu mkuu alikitafsiri. Nikaanza kupumua.

Kisha akaingia darasa la juu. Aliwatenganisha, mtu mmoja kila benchi, wengine chini sakafuni, wamegeuziana migongo. Aliandika hesabu kumi ubaoni kwa mwandiko mzuri. Akasema hakuna kuongea, hakuna kusimama, hakuna kutazama kibao cha mwenzako, na walimu watoke nje. Nilitoka. Nilisimama dirishani, na kwa kuwa dirisha halikuwa na kioo wala ubao, niliona kila kitu.

Walianza vizuri. Kalamu za mawe zililia kwenye vibao, mlio ule mwembamba ambao mpaka leo unanisisimua. Swali la kwanza, la pili. Niliona jinsi walivyokwenda pamoja bila kutazamana. Walijua kwa masikio tu nani bado anaandika, na walisubiri mlio wa kalamu ya mwisho ndipo waanze lingine. La tatu. La nne. Yule mwenye ndevu alikuwa anakwenda, taratibu lakini anakwenda.

Swali la tano lilihusu maji. Bwawa lina debe elfu mbili na mia moja. Ng'ombe arobaini na tano wananywa humo, kila mmoja debe mbili na theluthi moja kwa siku. Maji yatatosha siku ngapi? Wenzake walimaliza. Yeye alikuwa hajaandika hata tarakimu. Alikuwa analitazama lile swali kama mtu anayetazama njia panda. Na mimi pale dirishani nikaona kitu ambacho nilipaswa kukijua wiki tatu nzima. Kila mmoja alichukua kitambaa, akafuta jibu lake la tano, akalaza kalamu kando ya kibao na kukunja mikono. Mmoja baada ya mwingine. Hawakuruhusiwa kumsaidia. Basi wangemsubiri.

Walimsubiri kwa muda wa kupika uji. Mkaguzi alitazama saa yake, akatembea kati yao, akarudi. Alidhani wamefika mwisho wa wanachokijua. Alikusanya vibao kumi na tisa akaviweka mezani, akatutaka tuingie. Kila kibao kilikuwa na hesabu nne, zote sahihi. Alivipitia vyote, halafu akatuuliza bila ukali kama tuliwafundisha hizo nne tu, au kama walikuwa na namna ya kupeana majibu ambayo hakuigundua. Mwalimu mkuu alinigeukia. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha cheti, lakini siku hiyo kilitoka chenyewe. Nikamwambia wanajua zote kumi. Nikamwambia wanasubiriana. Alinitazama kama mtu anayesikiliza udhuru, na kwa kweli kwa masikio yangu mwenyewe ulikuwa udhuru. Akasema basi niwaambie wasisubiriane. Alinipa dakika tano na akawarudishia vibao.

Nimezipitia dakika zile mara nyingi kuliko sala zangu. Ningeweza kumwambia mkaguzi afunge darasa. Ningeweza kulisoma swali la tano kwa sauti, mara moja, taratibu, na pengine lingemfungukia. Sikufanya hayo. Niliogopa. Niliona darasa linafungwa, niliona Geita, niliona yule mama anayekuja kumuulizia mwanawe, akiongezeka, wakiwa kumi na tisa mlangoni kwangu. Nikasimama mbele yao nikawaambia kwamba leo kila mtu anamaliza shamba lake peke yake.

Hakuna aliyegusa kalamu. Yule mdogo wa benchi la mbele, aliyekuwa mwepesi kuliko wote na ambaye hakuwa na desturi ya kuniuliza kitu, aliinua kichwa.

"Na yeye tumwache, mwalimu?"

Aliuliza kwa Kiswahili, ili nisijifanye sikuelewa.

"Mwacheni," nikasema.

Yule mwenye ndevu aliinuka kabla sijamaliza kulifunga neno. Hakuonyesha hasira, hakunitazama vibaya. Aliweka kibao chake juu ya benchi, uso wa kibao chini, na kalamu juu yake. Akapita katikati yao akainama kidogo mlangoni kwa ajili ya urefu wake, akatoka. Mkaguzi aliuliza anakwenda wapi. Mwalimu mkuu akasema anaumwa. Wengine walikaa kidogo bado, halafu yule mdogo akachukua kalamu, na kumi na nane wote wakaandika mpaka wakamaliza. Wawili watatu walikuwa wanajifuta macho kwa kile kitambaa cha kufutia kibao, wakabaki na vumbi jeupe la kalamu usoni.

Ripoti ilipokuja ilikuwa nzuri. Darasa la juu liliendelea. Mkaguzi alisifu wepesi wa wanafunzi na kuandika kwamba kasoro ya awali ilisababishwa na kutokuelewa maelekezo. Kuhusu maisha yao shuleni aliandika kwamba wanaonekana wenye afya na furaha. Mwalimu mkuu alinipa mkono mbele ya shule nzima. Mtemi alileta fahali. Nilikula nyama ile.

Darasani mstari ulikuwa umekufa. Sikuuvunja kwa amri. Niliwaambia turudi kwenye desturi yetu, wakasema ndiyo mwalimu. Kisha kila mmoja akainamia kibao chake. Aliyemaliza alikunja mikono akatazama dirishani. Aliyekwama alikwama. Walikuwa wananipa nilichowaomba, kwa adabu, kila siku, na sikuwa na haki ya kuwakasirikia. Shambani nako nikaona wa mbele yuko mbele na wa nyuma yuko nyuma. Wawili walikwenda ile shule kubwa mwaka uliofuata, na yule mdogo akiwa mmojawao. Aliniaga kwa shikamoo na kichwa kimeinama. Hakuwahi kuniandikia.

Yule mwenye ndevu hakurudi baada ya siku ile hata kuchukua mkeka wake. Nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kwa mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe kuandika jina lake. Alisema amekwenda Geita na wakala, akaniuliza kama kule wanakula vizuri. Nikasema wanakula vizuri. Sikuwa nimewahi kufika Geita.

Nilifika miezi minane baadaye, likizo ya kwanza niliyoweza kuipata, kwa miguu kupitia njia ya Kharumwa, siku sita, malengelenge kila kidole. Sikujua ninakwenda kusema nini. Nilikuwa na kibao chake kwenye mfuko, kile kile, hesabu nne zikiwa zimefutika nusu kwa kusuguana na nguo zangu. Machimbo yalikuwa kilima kilichochunwa ngozi, vumbi jeupe kila mahali, na wanaume wamejipanga mstari mrefu kutoka mdomo wa shimo hadi kinu, wanapokezana karai za mawe. Nilimtambua kwa urefu. Nilipomkaribia nikaona yuko wa tatu kutoka shimoni na anapokea karai mbili, yake na ya mzee aliyekuwa pembeni yake.

Walipewa muda wa kunywa uji. Tukakaa kwenye lundo la mawe. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Aliniuliza habari za shule, nikampa. Akauliza kama wenzake walimaliza zile sita. Nikasema walimaliza. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika kabisa, na kuridhika kwake kukanichoma kuliko kama angenitukana. Nikaanza kusema maneno niliyoyatembeza siku sita, kwamba nilikosea, kwamba arudi, kwamba nafasi yake ipo. Akaniacha nimalize.

"Ile ya tano, mwalimu," akasema. "Wale ng'ombe wote walikuwa wakubwa?"

Sikuelewa. Akanieleza kwa subira, kama walivyokuwa wakielezana. Ndama hanywi debe mbili. Mwenye mimba anazidisha. Na bwawa lenyewe linakaushwa na jua na kukanyagwa tope. Siku ile alikuwa anajiuliza ni wangapi ndama, na hapakuwa na wa kumwuliza. Kumbe alijua kugawanya. Alijua vizuri tu.

Nikasema ng'ombe wote walikuwa wakubwa. Wote sawa, na jua halikuhesabiwa. Akacheka kidogo, akasema basi hilo si bwawa. Hata hivyo alitaka kujua jibu. Nilichukua kijiti nikalainisha vumbi kati ya miguu yetu, nikaandika arobaini na tano, nikaandika mbili na theluthi, nikaanza kuzidisha polepole, hatua kwa hatua, yeye akiinama karibu yangu na kufuata kwa kidole. Tulikuwa tumepata debe mia na tano kwa siku pale walipogonga reli, kipande cha reli kilichoning'inia kama kile cha shuleni kwetu, na watu wote wakainuka.

Aliinuka naye. Nikamwambia asubiri, bado hatua moja. Msimamizi alikuwa anapita kwenye mstari na ule mwanya wake ulionekana.

"Malizia tu, mwalimu," akasema. "Usinisubiri."

Akarudi mahali pake, akapokea karai. Nilibaki nimechuchumaa na kile kijiti. Nikagawanya elfu mbili na mia moja kwa mia na tano, mwenyewe, mpaka mwisho. Zilikuwa siku ishirini.